Wasiwasi Si Ukosefu wa Imani

Kuna maneno ambayo natamani tuyaondoe kabisa vinywani mwetu sisi Wakristo: "Ungekuwa na imani, usingekuwa na wasiwasi." Yanasemwa mimbarani, kwenye jumuiya, kwenye vikundi vya maombi, hata kando ya kitanda cha mgonjwa. Wengi wanaoyasema wana nia njema. Lakini si maneno ya kweli, hayana msingi katika Maandiko, na yanawaumiza watu wale wale ambao Kristo anawaita wenye kulemewa na mizigo ili awapumzishe.

Naandika haya kwa aibu, kwa sababu nami niliyasema. Katika miaka yangu ya mwanzo ya uchungaji, mama mmoja wa usharika alinifuata ofisini baada ya ibada. Mumewe alikuwa ameachishwa kazi, marejesho ya mkopo wa kikundi yalidaiwa kila wiki, na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Aliniambia kwamba usingizi umemkimbia, moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi, na mikono inatetemeka kila simu inapoita. Nikamsomea Wafilipi 4:6. Nikamwambia, "Mama, ongeza maombi. Mungu hapendi wasiwasi." Nikamwombea, nikamuaga, nikaona nimemaliza kazi.

Akaacha kuja Jumapili. Kisha akaacha kuja jumuiya. Nilipokwenda kumwona, muda mrefu baadaye, alinikaribisha vizuri, akaniambia bila hasira: "Mchungaji, nilikuja kwako na mizigo mitatu, nikaondoka na minne. Wa nne ni kwamba Mungu naye amenikasirikia."

Mzigo ule wa nne niliumfunga mimi mgongoni mwake. Wangapi kati yetu wamewafungia wenzao mzigo kama huo?

Tuanze na mwili, maana tunakiri kwamba Mungu ndiye aliyeuumba. Ukikutana na nyoka njiani, tezi ndogo zilizo juu ya figo zako humwaga adrenalini katika damu. Moyo unadunda kwa kasi, pumzi zinakuwa fupi, sukari inaingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu, na tumbo linapunguza kazi yake. Uko tayari kupigana au kukimbia. Hiyo ni zawadi ya Muumba. Bila hiyo babu zetu wasingefika popote.

Nyoka huondoka, na mwili ukatulia. Lakini deni haliondoki kama nyoka. Ada haiondoki, wala ugonjwa wa mzazi, wala ugomvi wa shamba. Mwili unaendelea kujiandaa kwa vita kila siku, na homoni nyingine, kotisoli, inabaki juu kwa muda mrefu. Hapo ndipo msongo unapoanza kula mtu. Usingizi unakatika, kichwa kinauma, tumbo linavurugika, shinikizo la damu laweza kupanda. Mtu anasahau mambo na anawafokea watoto kwa kosa dogo. Anaketi kanisani lakini mahubiri yanampita. Nasi tunasema amepoa kiroho, kumbe amechoka.

Tena yupo ambaye hofu inambana hata pasipo jambo la kuonekana. Hali hiyo ikiendelea kwa majuma mengi, ikamzuia kulala, kufanya kazi au kukaa na watu, huo ni ugonjwa, na una tiba kama sukari ilivyo na tiba. Hatumwambii mwenye sukari kwamba angekuwa na imani damu yake ingekuwa sawa. Kwa nini tunamwambia hivyo mwenye wasiwasi?

Mtu atanijibu: "Lakini Yesu amekataza kusumbuka." Ndiyo, ipo katika Mathayo 6. Lakini tusome sura nzima. Kabla ya kuzungumza juu ya ndege na maua, Yesu aliwafundisha watu wale wale kuomba riziki ya kila siku. Aliongea na watu waliojua njaa, akawaambia kwamba Baba anajua mahitaji yao. Hayo ni maneno ya kumfariji mtoto aliyeogopa. Sisi tumeyageuza yakawa fimbo ya kumchapia.

Na Paulo? Yeye ndiye aliyewaandikia Wafilipi wasijisumbue. Lakini katika 2 Wakorintho 11:28 anakiri kwamba kila siku analemewa na mahangaiko kwa ajili ya makanisa yote. Katika Kiyunani maneno hayo mawili yana mzizi mmoja. Je, Paulo alipungukiwa imani? Katika barua hiyo hiyo, sura ya 1, anasema kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hakuwaficha Wakorintho jambo hilo, wala hakuliona kuwa aibu.

Mtazame Elia katika 1 Wafalme 19. Ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, na sasa amelala chini ya mti jangwani akiomba afe. Mungu hakumtumia mhubiri. Alimtumia malaika mwenye mkate na maji. Elia akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Chakula na usingizi vilitangulia, na mazungumzo yakaja baadaye, huko Horebu. Hata huko Mungu alianza kwa kumwuliza swali na kumsikiliza.

Tena mtazame Bwana mwenyewe katika Gethsemane. Marko anatuambia kwamba alifadhaika na kuhuzunika sana, naye aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Anayesema kwamba hofu ni dhambi na aeleze bustani ile. Aliyeomba kikombe kimwepuke hakuwa na dhambi, lakini jasho lilimtoka.

Sisi Walutheri tuna sababu zaidi ya kunyamaza kabla ya kuhukumu. Mwezi wa Julai 1527, Martin Luther, akiwa na miaka 43, alianguka akidhani anakufa. Mwili ulimwishia nguvu na roho yake ikazama katika giza lililomsumbua kwa miezi mingi. Hakujifungia peke yake. Aliungama kwa mchungaji wake, Johannes Bugenhagen, akaomba marafiki wamwombee. Mwaka huo huo tauni ilipoingia Wittenberg, alifundisha kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili, na kwamba anayezidharau dawa anamjaribu Mungu. Mwaka 1530 alimwandikia kijana mmoja aliyesumbuliwa na huzuni, Hieronymus Weller, akamshauri akimbie upweke, akae na watu, acheke na kutaniana nao.

Hata katika nchi yetu jambo hili si geni kwa kanisa. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Betheli walianza kutunza wagonjwa wa akili mwaka 1904, na hospitali ile ni ya kanisa hadi leo. Basi mhubiri anayewaambia watu watupe dawa zao za hospitali asidai kwamba anatetea imani ya mababa. Anaibomoa.

Je, nasema tuache maombi? Hasha. Naomba kila siku, na mara nyingi naomba kwa sababu nina hofu. Anayeomba huku akitetemeka anamwamini Mungu kuliko asiyetetemeka asiyeomba. Je, nasema hakuna hangaiko lenye dhambi? Lipo, la mtu mwenye maghala aliyejaa tamaa ya kuongeza mengine. Lakini mama anayekosa usingizi kwa sababu ya ada ya mtoto si tajiri yule.

Sasa nigeuke kwetu viongozi. Wakati mwingine mzigo wenyewe unatoka madhabahuni. Tunasoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi zao huku watoto wao wakisikia. Tunaongeza mchango wa jengo juu ya mchango wa gari, juu ya mchango wa mkutano, kisha jioni tunafundisha somo la amani ya moyo. Yesu aliwakemea walimu waliowafungia watu mizigo mizito wala hawakutaka kuigusa kwa kidole. Wazee wenzangu, tusome Mathayo 23 kabla ya kuandaa matangazo ya Jumapili ijayo.

Na sote, tufanyeje? Mtu akikuambia ana hofu, usikimbilie mstari wa Biblia. Muulize: unalala? Unakula? Nani mwingine anajua? Kisha nyamaza usikilize. Msindikize hospitali kama ambavyo ungemsindikiza mwenye malaria. Usimwambie kamwe aache dawa aliyopewa na daktari. Akisema hataki tena kuishi, usimwache peke yake hata saa moja; ita ndugu zake, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Ombeni pamoja naye, kwa maneno machache na kwa sauti ya chini, maana Mungu si kiziwi.

Yule mama nilimwomba msamaha, nikiwa nimeketi sebuleni kwake. Nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba Mungu hakumkasirikia hata siku moja. Alilia, nami nililia. Deni halikufutika siku ile. Lakini wanawake wawili wa jumuiya walianza kwenda naye zahanati, na mzee mmoja alikaa na viongozi wa kikundi wakapanga upya marejesho. Alirudi kanisani akiwa bado na wasiwasi. Alikaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, ili aweze kutoka moyo ukianza kwenda mbio.

Hakuna aliyemwambia asogee mbele. Siku ile niliona usharika wetu umeanza kuielewa Injili.