Shaba haizai, lakini nyama inazaa

Ndugu wachimbaji, bamama na watoto wa kampi, siku ya paye tunajua namna inaendaka. Mutu anafika soko, anapita tomson, anapita makayabu, anauliza kwa sauti ya chini: « Mama, nyama ya pori iko? » Iko. Inatoka chini ya meza, imekaushwa kwa moshi, mguu wa ngulungu ao wa swala mwingine. Jioni jirani wanasikia harufu, wote wanajua leo baba amepata makuta.

Mimi pia ninakulaka. Siandiki hapa kwa kuhukumu sahani ya mutu. Lakini tuseme kweli: mwindaji wa kwanza wa nyama hizi si yule wa mukini mwenye kitanzi. Ni sisi tunaonunua. Yeye anatega juu sisi tunalipa. Akitega kwa watoto wake tu, nyama moja inatosha siku nyingi. Lakini leo pikipiki inamungoja kando ya barabara, na barabara zilezile zinazobeba madini zinabeba na nyama.

Na kitanzi hakichagui. Ni waya, mara nyingi ya breki ya pikipiki. Kinanasa dume, kinanasa jike lenye mimba, kinanasa na mtoto. Palahala jike anabeba mimba karibu miezi 9, kama bamama wetu, na anazaa mtoto mmoja tu. Ukiua huyo, umeua wawili, pamoja na wote wangezaliwa nyuma yao. Tena vitanzi vingine vinasahauliwa: nyama inaoza mu pori, hakuna aliyekula.

Tuangalie kwetu Upemba. Ile parke iliundwa mwaka 1939, Kundelungu ikafuata mwaka 1970. Kule njo wamebakia punda milia wa mwisho wa inchi yetu yote. Mu mabwawa ya Lualaba, upande wa Upemba, kuna swala wa maji asiyepatikana pengine mu dunia nzima. Wataalamu walimutambua kuwa aina yake mwenyewe mwaka 2005 tu, na leo wanafikiri waliobaki hawafiki 100. Jamani, 100! Watoto wa darasa mbili za masomo ya kampi wanaweza kuwapita kwa wingi.

Ninasikia jibu: « Kule Zambia bazungu banalipa makuta, banaua palahala, banapiga foto na pembe. Sisi, mutu akitega kamba, banamufunga. Juu ya nini? » Ulizo hili ni la haki. Kwetu sheria ya chasi ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba mutu awe na kibali, lakini maskini wa mukini hajui hata mlango gani wa kubisha. Tofauti ni hii: kule Zambia serikali inapanga kwanza ni nyama ngapi zitauawa, na sehemu ya feza inapaswa kurudi kwa vijiji. Hata kule wanavijiji wanalalamika feza inakawia. Lakini hesabu iko. Kwetu tunaua kwanza, tunakuja kuhesabu wakati zimekwisha.

Sisi watu wa madini tunajua hesabu. Tunapima kila mufuko, tunagombana juu ya kilo moja. Na tunajua jambo lingine: shaba haizai. Ukitoa, umetoa, siku moja shimo linaisha. Nyama, ukiiachia nafasi, inazaa. Sasa juu ya nini tunaichimba kama vile nayo ni madini?

Tukumbuke mwaka 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka mu « départ volontaire ». Wengi wao walirudilia jembe, wengine makala, wengine kuchimba wenyewe. Wakati salero ilikatika, udongo na pori njo vilibakia. Migodi ya leo nayo itafunga siku moja. Watoto wetu watarudi ku pori gani, kama sisi tumeliacha tupu?

Basi, ninaomba mambo matatu. Sisi wanunuzi: miezi chasi imefungwa, tusinunue. Na mwaka mzima, muuzaji asipoweza kusema nyama imetoka wapi, tumuachie. Makampuni: yalete samaki na kuku kwa bei ndogo mu kantini, na yakataze shofere kubeba nyama mu motokari ya kazi. Wakubwa wa serikali: watangaze miezi ya kufunga kwa Kiswahili, ku radio na ku soko, mbele ya kufunga mutu. Tena waanze na wale wanaoingia parke na kalashi, si na baba mwenye kamba moja.

Hayo yote yatachukua wakati. Lakini sehemu yetu inaweza kuanza ku paye inayokuja. Mama wa soko akiinama kutafuta chini ya meza, tumuambie: « Acha, mama. Leo unipe tomson. »