Tunahesabu Fedha za Mradi, Saa za Mtoto Hatuzihesabu

Ni nadra siku hizi semina ya watumishi, iwe ni Shinyanga mjini, Kahama au Geita, kumalizika bila ya msemaji kuwahimiza wasikilizaji wake wawe na mradi. Mwalimu ahimizwa afuge kuku, muuguzi afungue duka la dawa baridi, karani wa halmashauri anunue mawe ya dhahabu na kuyapeleka karasha. Wasia huo ni mwema. Mshahara peke yake haumsomeshi mtoto wala haumjengei mtu nyumba ya kustaafia, na sisi hatuna nia ya kuupinga. Lakini yatupasa kuuliza swali moja ambalo wasemaji hao aghalabu hulipita: mtumishi huyo akitoka kazini akaenda kwenye mradi, mtoto wake wa miaka miwili yuko wapi, na yuko na nani?

Wazee wanakumbuka kwamba jambo hili lilikuwa na sura nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, na neno kiongozi liliwagusa watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu. Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1980, mshahara wa mwezi ukawa haufiki wiki ya pili, na watumishi kwa maelfu wakaanza kukaanga maandazi, kuuza barafu, kufuga ng'ombe wa maziwa uani na kulima mchicha mabondeni. Ndipo neno mradi lilipopata maana yake hii tuliyoizoea. Mwezi Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipokutana Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Tangu hapo mtumishi asiye na mradi ndiye anayeshangaza watu. Kilichobadilika ni ruhusa. Idadi ya saa katika wiki ni ile ile.

Tufanye hesabu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Tumpe mama huyu usingizi wa saa saba kwa siku, nazo ni 49. Mradi wake tuupe saa nne kila jioni ya siku ya kazi na saa kumi Jumamosi, jumla 30. Njiani saa kumi. Kupika, kufua na kuteka maji saa tatu kwa siku, yaani 21. Zilizobaki ni 13 kwa wiki nzima, ambazo hazifiki hata saa mbili kwa siku, na ndani ya hizo mna kanisa au msikiti, msiba, harusi, na mgonjwa wa kumjulia hali. Anayetaka kubishana na hesabu hii ampunguzie mama huyo usingizi. Wengi wao wamekwisha kufanya hivyo bila kuombwa.

Serikali yenyewe inajua thamani ya saa. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la Hayati Rais John Magufuli, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na moja ya hoja kubwa za kulijenga ilikuwa ni muda: kungoja kivuko na kuvuka kulikula saa nzima na zaidi, na sasa gari hupita kwa dakika chache. Wasomaji wetu wa Ukerewe, Kome na Maisome, ambao bado huishi kwa ratiba ya vivuko na mitumbwi, hawahitaji kufundishwa somo hilo. Ikiwa saa ya msafiri imestahili kujengewa daraja, saa ya mama mwenye mtoto mchanga nayo yastahili kupata kibanda chenye kivuli na mlezi.

Hatusemi kwamba sheria imenyamaza. Mama aliyeajiriwa hupata siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Nayo si haki ya jana, kwani mwaka 1975 nchi yetu iliwapa siku hizo 84 wanawake wafanyakazi wote, walioolewa na wasioolewa. Baba hupewa siku tatu. Kadhalika mwajiri hana budi kumruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hapo ndipo tunapotaka viongozi wasimame kidogo. Saa mbili za kunyonyesha zina maana gani kwa muuguzi ambaye mtoto wake ameachwa kata nyingine? Zitakwisha barabarani, juu ya bodaboda, kabla mtoto hajafikiwa. Mama atafanya nini? Ataacha maziwa yakauke. Haki ameipewa, ila hana mahali pa kuitumia.

Hao ni walioajiriwa. Wengi zaidi katika ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Nyarugusu na Rwamagasa hadi vijiji vinavyoizunguka Bulyanhulu, hawana mwajiri wala likizo. Mama anayegonga mawe, anayeosha marudio kwenye mwalo au anayepikia wachimbaji hurudi kazini siku anayojisikia kuweza kusimama, na mtoto huja naye mgongoni. Mwalo ni mahali pa vumbi, mashimo ya maji na zebaki. Zebaki ile ikichomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake hauchagui; humwingia aliyeshika karai na humwingia mtoto aliyelala kwenye kanga hatua tano kutoka hapo, na mwenye kuumia zaidi ni mtoto, kwa kuwa ubongo wake na mishipa yake ya fahamu bado inajijenga. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mtoto wa mwaloni haulindwi na saini hiyo iwapo hana mahali pengine pa kukaa.

Pengo hili huzibwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mtoto mwingine. Ama ni dada wa miaka tisa anayebakizwa nyumbani siku ya mnada, ama ni binti wa kazi. Hapa tunasema na wasomaji wetu wa visiwani bila ya kuzunguka. Mgeni hufika na dagaa wake wa kununua, akaona binti mwenye adabu, akasema Geita kuna kazi nyepesi ya kulea mtoto, na mwisho wa mwezi kitatumwa kitu. Ana umri gani binti huyo? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na hata aliyevuka umri huo haruhusiwi kazi inayomnyima shule. Mzazi wa Kome akimtoa binti yake darasani ili mtoto wa mtumishi wa Geita alelewe, ajue kwamba yeye ndiye anayeulipia mradi wa mtumishi yule.

Nao akina baba? Mwanamume anayefanya kazi mgodini kwa zamu za mchana na usiku huweza kuwa nyumbani siku kadhaa mfululizo, na siku hizo aghalabu huzipeleka kwenye duara lake au shambani. Desturi imemwambia kwamba kulea si kazi yake. Tunaheshimu desturi, lakini desturi hiyo hiyo ilikuwa na bibi, shangazi na mama wakubwa katika kaya moja, na ukoo wa namna hiyo haukuhamia naye kwenye chumba cha kupanga cha Katoro.

Tuje kwenye lililo mikononi mwa Serikali. Halmashauri zimeagizwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Mama akienda kuomba huulizwa katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko la mradi. Hatujasikia akiulizwa habari za watoto wake. Afisa maendeleo ya jamii ndiye mwenye mikopo. Afisa ustawi wa jamii ndiye anayehusika na vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Mara nyingi maafisa hawa wawili wako jengo moja, na pengine hunywa chai pamoja. Kwa nini kikundi cha wanawake kisikopeshwe ili mradi wake uwe ndio kituo chenyewe, kijengwe karibu na mwalo ila mbali na moshi wa zebaki, na akina mama wanaoosha dhahabu wakilipie kwa siku kama wanavyolipia karasha?

Tunajua wapo watakaosema kwamba hayo yalijaribiwa. Kweli, vijiji vya Ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto katika miaka ya 1970, na Umoja wa Wanawake uliwahimiza watu kuvianzisha. Vingi vilikufa kwa sababu uji ulikosekana na mlezi hakulipwa. Lakini kijiji cha pamba cha wakati ule hakikuwa na soko la dhahabu kama lile lililofunguliwa Geita mwezi Machi 2019, wala hakikuwa jirani na migodi mikubwa ambayo sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kila mwaka ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Mipango hiyo imejenga madarasa, zahanati na barabara. Na si jambo geni kwa mgodi kufikiria familia: Mwadui, tangu enzi za Williamson, ilikuwa na shule na hospitali yake.

Vilevile Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya kufika mwaka 2025/26. Kitabu chake kimeandikwa vizuri. Kamati za mikoa ya Geita na Shinyanga zinapokaa kuandaa bajeti ijayo, tunaomba wajumbe waliulize kila jedwali la mikopo na kila mpango wa mgodi una vituo vingapi vya watoto, katika kata zipi, na mlezi atalipwa kutoka fungu gani. Jibu likiwa ni sifuri, liandikwe hivyo kwenye muhtasari, na madiwani walisomewe.