Ufundi na Istilahi: Taa ya Miche ya Mnavu

Katika toleo lililopita tuliahidi kuandika juu ya istilahi za umeme wa nyumbani. Ahadi ni deni, nasi tunalilipa leo, ila tutaanzia mbali kidogo, kwenye kopo la mbegu.

Watatu kati yetu tunaoandaa safu hii tunakaa DeSoto, kusini mwa Dallas, katika nyumba ya mama mmoja mzaliwa wa Tanga. Uani kwake kuna tuta la mnavu. Sukuma wiki haitusumbui hapa Texas, maana Wamarekani wa kusini wana ndugu yake wa karibu kabisa, nayo inauzwa kila soko. Mnavu ndio hatuukuti dukani. Wanachama wetu kutoka Kenya wataujua kwa majina mengine: Mkikuyu atauita managu, Mjaluo osuga, Mkisii rinagu, Mluhya lisutsa. Mama huvuna mbegu zake mwenyewe kila mwaka, akazikausha na kuzitunza katika kopo la majani ya chai. Mwaka jana joto la Agosti liliunguza tuta lote, akaambulia mbegu za kijiko kimoja tu.

Mwishoni mwa Januari alitukabidhi nusu ya kijiko hicho. "Nyinyi ndio wasomi," alisema. "Nataka miche iwe tayari baridi ikiondoka."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Huku Dallas theluji nyembamba ya alfajiri, ile iuayo majani, kwa kawaida hukoma katikati ya Machi. Baada ya hapo mkulima ana miezi michache tu kabla jua la kiangazi halijawa kali mno. Asiyeanza miche ndani ya nyumba huchelewa, na aliyechelewa huvuna haba.

Tuliweka trei dirishani. Mbegu ziliota, tukafurahi. Wiki moja baadaye miche ilikuwa mirefu, myeupe na membamba kama uzi, imelalia kioo. Dirisha letu linaelekea kaskazini. Katika majira ya baridi jua la hapa hupita chini upande wa kusini, na mchana hauzidi sana saa 10. Sisi tuliozoea saa 12 za mchana mwaka mzima hatukulifikiria hilo. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mnavu wetu ulikuwa umepandwa kivulini moja kwa moja.

Tukanunua utepe wa taa za LED za rangi ya zambarau, wa bei ya chini, tukautundika juu ya trei. Sebule ilipendeza kama ukumbi wa harusi. Miche ilikufa yote.

Ikabidi twende kwa mama. Hakugomba. Alitazama trei, akatazama utepe, akauliza: "Taa hii ina nini ambacho taa ya jikoni kwangu haina?" Tulianza kumjibu, na kila sentensi yetu ikawa nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nusu ya kijiko iliyobaki nitawapa siku mtakayonieleza nikaelewa." Tulirudi chumbani kimya, sisi wanachama wa chama cha Kiswahili.

Ilituchukua siku nne kuandaa maelezo, nayo ndiyo haya.

Mmea hutengeneza chakula chake kwa nuru, kazi ambayo vitabu vyetu vya shule huiita usanisinuru. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, hunyonya zaidi nuru nyekundu na ya buluu. Ndiyo maana wauzaji huchanganya rangi hizo mbili tukapata zambarau. Lakini taa nyeupe ya LED nayo ina buluu ndani yake. Moyo wake ni kipande kidogo kitoacho nuru ya buluu, kilichopakwa unga maalumu ugeuzao sehemu ya buluu hiyo kuwa njano na nyekundu, na macho yetu huona nyeupe. LED nyekundu ilipatikana mapema, mwaka 1962, kwa kazi ya Nick Holonyak. Ya buluu iliwasumbua wataalamu kwa miongo kadhaa, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walioifanikisha walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo taa ya jikoni kwa mama haikupungukiwa rangi, bali wingi wa nuru na ukaribu. Utepe wetu nao ulikuwa na kasoro hiyohiyo: rangi ilikuwapo, nuru ilikuwa ya kijiko.

Jicho hutudanganya katika jambo hili, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kujibana kwenye mwanga. Jua la adhuhuri hutoa kama luksi 100,000. Sebule yenye taa usiku haifiki hata luksi 500. Sisi tunaona vyote viwili ni "mwanga". Mche hauoni hivyo. Miche ya mboga za majani huridhika na luksi 10,000 hadi 15,000, mradi izipate kwa saa nyingi.

Mama alisikiliza, akauliza maswali mawili, akaleta kopo.

Taa tuliyojenga ni hii. Tulichukua ubao wa sentimita 60 kwa 40, upana uleule wa trei, tukafunga holda 4 kwa nafasi sawa. Kila holda ilipata balbu ya LED ya kawaida ya dukani yenye lumeni 1,500, inayokula wati 15. Chagua iliyoandikwa kelvini 5,000 au 6,500, yaani nyeupe ya mchana, na usitazame maandishi makubwa ya "sawa na wati 100", maana hiyo ni lugha ya biashara. Balbu 4 hutoa lumeni 6,000. Ukigawa kwa eneo la robo mita ya mraba utapata kama luksi 24,000. Toa nusu kwa nuru inayotawanyika pembeni, utabaki na 12,000, na hizo zinatosha. Pembeni tulizungushia makasha ya katoni yaliyobandikwa karatasi ya alumini ili nuru irudi kwenye majani. Ubao tuliuning'iniza kwa kamba, balbu zikiwa sentimita 15 juu ya miche, tukawa tunaupandisha kadiri miche ilivyokua. Vifaa vyote, pamoja na taima, havikufika dola 40.

Umeme wake ni hesabu ya darasa la sita. Wati 60 kwa saa 16 ni karibu yuniti moja kwa siku. Tukikadiria senti 15 kwa yuniti, mwezi mzima ni kama dola nne na nusu.

Sasa istilahi tulizoahidi. Holda huungwa sambamba, si mfuatano: nyaya za moto zote pamoja, na za kurudisha zote pamoja, ili kila balbu ipate volti zake kamili. Tahadhari kwa waliojifunza nyumbani: Afrika Mashariki waya wa moto ni wa kahawia na wa kurudisha ni wa buluu, lakini Marekani wa moto ni mweusi, wa kurudisha ni mweupe, na wa ardhi ni wa kijani au haukuvikwa kitu. Volti nazo ni 120, si 230 au 240, kwa hiyo balbu uliyoleta begini kutoka Mombasa huenda isiwake vizuri. Mahali penye maji na umeme tumia soketi ya aina ya bafuni, yenye vitufe viwili katikati, inayojikata umeme unapovuja. Usiifungie balbu ya LED ndani ya kasha lisilopitisha hewa, maana joto hukaa shingoni mwake na kuiua mapema. Na asiye na uzoefu wa nyaya anunue holda zenye plagi zake tayari. Mnavu unalika, shoti haliliki.

Kuna kosa moja ambalo tunalisimulia kwa aibu. Mama aliagiza taa iwake saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa nne usiku. Mwenzetu aliyepewa kazi ya taima, mpenda Kiswahili kuliko sote, akaweka 12 asubuhi na 4 jioni kama alivyosikia. Kwa saa za Kimarekani, taa ikawa inawaka usiku wa manane na kuzimwa saa kumi alasiri. Mimea haikudhurika hata kidogo, kwani saa zilikuwa 16 zilezile. Aliyedhurika ni yule alaliaye sebuleni.

Tuliogopa pia umeme kukatika. Walioishi hapa Februari 2021 wanakumbuka baridi ile iliyowaacha mamilioni ya watu wa Texas gizani, wengine kwa siku kadhaa. Safari hii haikutokea. Wiki ya kwanza ya Aprili, baada ya kuizoesha miche upepo na jua la nje kwa siku saba, tulihamishia tutani miche 31, mifupi, minene, yenye majani ya kijani kizito. Mama aliihesabu mwenyewe mara mbili. Mitatu ya kwanza kuchanua ameifunga kitambaa chekundu: hiyo haichumwi, ni ya kopo.

Limebaki suala la jina, nalo tunawaachia walimu wetu. Mmoja wetu anapendekeza "taa ya kuoteshea". Mwingine anapinga kwamba mbegu nyingi huota zikiwa zimefukiwa udongoni, na kazi ya taa huanza baadaye, kwa hiyo iitwe "taa ya kukuzia". Mama yeye, bila kumwuliza mtu, anaiita "taa ya miche", na mtaa mzima wa Waswahili wa hapa sasa wanaiita hivyo. Maoni yaletwe kwa mhariri kabla ya mkutano wa chama ujao. Atakayehitaji vipimo vya ubao aje navyo daftari. Mbegu, hata hivyo, aziombe kwa mama mwenyewe, na ajiandae kujieleza.