Mraibu ni mgonjwa mmoja, asirushwe baina ya milango miwili

Yupo mwalimu mmoja niliyefundisha naye katika shule ya mashambani kwa miaka tisa. Alikuwa bingwa wa Hisabati, na nimewaona wanafunzi waliokuwa wamekwisha kulikatia tamaa somo hilo wakilipenda kwa sababu yake. Baada ya kufiwa na mkewe alianza kunywa: kwanza jioni, kisha mchana, na mwishowe hata kabla ya gwaride la asubuhi. Sote tulidhani kwamba pombe ndiyo iliyomharibu. Hatukujua kwamba usiku hakuwa akilala, kwamba alikuwa ameyachoka maisha, na kwamba chupa ndiyo iliyokuwa dawa pekee aliyoijua.

Tulichanga fedha tukampeleka katika kituo cha kurekebisha tabia. Alikaa huko miezi mitatu, akarudi amenawiri. Lakini ile huzuni yake hakuna aliyeiuliza, na haikupita miezi miwili kabla hajairudia chupa. Alipopelekwa hospitalini aliambiwa aache pombe kwanza ndipo arudi atibiwe akili. Aliporejeshwa kituoni, wakasema kwamba mtu anayetaja kujiua ni wa hospitali, si wao. Basi akawa kama barua isiyo na anwani, kila afisi ikiipeleka kwa nyingine.

Msomaji mpendwa, kisa hiki si cha mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya 1 kati ya kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Si wote hao walio waraibu. Hata hivyo, miongoni mwa walio waraibu, wengi wana ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya ule wa kwanza: sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, wasiwasi usiotulia, au kuchanganyikiwa akili hata mtu akasikia sauti zisizokuwapo.

Magonjwa haya mawili huandamana kwa njia tatu. Kwanza, mwenye maumivu ya moyo hutafuta cha kuyatuliza, naye hukipata katika kileo kilicho karibu. Pili, kileo chenyewe huweza kuivuruga akili. Bangi kali inayovutwa kila siku tangu ujana, kwa mfano, humwongezea mtu hatari ya kupatwa na wazimu. Tatu, yapo mambo yanayozaa yote mawili kwa pamoja, kama vile kurithi udhaifu fulani katika ukoo, au kuteswa utotoni. Kwa hivyo, kumtibu mtu ugonjwa mmoja na kuuacha wa pili ni sawa na kuyateka maji yaliyojaa ndani ya mtumbwi bila ya kuliziba tundu.

Hii ndiyo sababu nashikilia kwamba mahali pa mraibu mwenye maradhi ya akili ni hospitalini, chini ya paa moja na daktari mmoja anayeijua habari yake yote. Wengi wetu tunaamini kwamba mlevi anahitaji nia tu. Ukweli ni kwamba mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha ghafla bila ya uangalizi, anaweza kupatwa na kifafa, akaweweseka, hata akafa. Anahitaji dawa za kumtuliza, vitamini, na muuguzi wa kumwangalia usiku na mchana kwa siku hizo za mwanzo. Kisha daktari humpima tena baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa baadhi ya huzuni huondoka pamoja na pombe, na nyingine hubaki. Ile inayobaki ndiyo yenye kutaka matibabu yake, nayo yaende sambamba na ushauri nasaha wa kumzuia asirudie kileo.

Tunao mfano wa kutuongoza hapa hapa nchini. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianzishwa mwaka 1910 kama mahali pa kuwafungia walioitwa wendawazimu, na hadi leo jina lake hutumiwa kama tusi katika viwanja vya shule zetu. Lakini ni hospitali hiyo hiyo ambayo mnamo Desemba 2014 ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikafika Malindi na Mombasa. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Humwondolea mraibu yale mateso ya kukosa unga ambayo vijana wa Pwani huyaita arosto, akaweza kula, kulala na kufanya kazi. La muhimu zaidi ni kwamba mtu anayefika kliniki kila asubuhi anaonekana kila asubuhi. Akiwa na sonona, au kifua kikuu, au virusi vya Ukimwi, yupo wa kumtambua na kumtibu papo hapo.

Sheria nayo imekwisha kututangulia. Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamhesabu mwenye uraibu wa pombe au dawa za kulevya miongoni mwa wagonjwa wa akili. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Ikiwa sheria imeviunganisha vitu hivi viwili, kwa nini milango ya matibabu iendelee kuvitenganisha? Serikali za kaunti, ambazo zimebeba jukumu la afya tangu mwaka 2013, hazina budi kutenga wadi na wahudumu katika hospitali zao kubwa, ili mgonjwa wa Turkana au Kwale asilazimike kusafiri hadi Nairobi kutafuta msaada.

Najua wapo watakaosema kwamba mlevi amejitakia, na kwamba fedha haba tulizo nazo zitumiwe kwa wagonjwa wasio na hatia. Hoja hii ina uzito, lakini haisimami. Hatumfukuzi hospitalini mgonjwa wa kisukari kwa kuwa alipenda vyakula vya sukari, wala dereva aliyevunjika mguu kwa kuwa alikwenda kasi. Tena mraibu asiyetibiwa huigharimu jamii mara nyingi: katika ajali, katika korokoro, katika watoto wanaoacha shule.

Kwenu walimu wenzangu, nina ombi. Mwanafunzi anapokutwa na bangi, jambo tunalolifanya upesi ni kumwandikia barua ya kumrudisha nyumbani. Kabla ya kuiandika, na tuulize: je, analala? Anakula? Aliacha lini kucheza na wenzake? Mwalimu wa ushauri nasaha na ayaulize maswali hayo, mzazi aitwe, na mtoto apelekwe kwa daktari. Adhabu peke yake humwondoa mtoto machoni petu, wala haimwondolei ugonjwa.

Nanyi wanafunzi, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimwona rafiki yako akijitenga na kuanza kutafuta cha kumsahaulisha, usimwite mwendawazimu, wala usimfichie siri hiyo. Mtafutie mtu mzima unayemwamini.

Yule mwalimu wa Hisabati yungali hai. Anaishi kwa mamake, na mara nyingine watoto wa jirani humletea kazi zao za nyumbani, naye huwasaidia mikono ikitetemeka. Nilipomtembelea aliniambia, "Ndugu yangu, kila ninapokwenda wananiuliza nina ugonjwa gani kati ya hii miwili. Mimi mwenyewe sijui pa kuikata." Naam, hapana pa kuikata. Mgonjwa ni mmoja, na anastahili mlango mmoja ulio wazi.