Keria si mahali pa kamera

Mwulize mwenye kamera na baiskeli hapa Mtwara jinsi ya kusafiri na vyote viwili, naye atakwambia ununue begi nene lenye sponji la kutosha, ulifunge barabara kwenye keria kwa mpira wa tyubu, kisha uende zako. Wapiga picha wanarithishana ushauri huu kana kwamba umekwisha kuthibitishwa. Haujathibitishwa, na kwa maoni yangu unaharibu vifaa vya watu ambao wamejinyima mengi kuvipata. Begi la kamera la mwendesha baiskeli linapaswa kukaa mwilini mwake, liwe dogo na libane vizuri. Unene wa sponji, ambao ndio watu wanaulipia fedha nyingi, ni jambo la mwisho la kuangalia, hasa katika pwani hii inayoanzia Shangani na kuishia kwenye mdomo wa Ruvuma.

Tuitazame keria yenyewe. Katika baiskeli nyingi tunazotumia, zile za chuma zisizo na shokapu, miguu ya keria imefungwa karibu kabisa na ekseli ya gurudumu la nyuma. Kila jiwe na kila shimo linalokanyagwa na tairi hupeleka pigo lake moja kwa moja kwenye mzigo, na kinachoweza kulipunguza ni upepo wa tairi tu. Tena tairi la baiskeli ya mizigo hujazwa upepo hadi likawa gumu. Mwendeshaji hapati pigo hilo zima. Akiliona shimo huinuka kwenye siti, magoti na viwiko vinakunjika, na nguvu ya pigo inaishia kwenye misuli. Kamera iliyo kiunoni au ubavuni mwake inafaidi ulaini huo huo. Iliyo kwenye keria haina wa kuiinua. Watetezi wa begi nene watajibu kwamba sponji lipo kwa kazi hiyo, lakini sponji hufaa zaidi kwa pigo moja kubwa, kama vile begi linapoanguka kutoka mezani. Safari ya baiskeli ni mapigo madogo yasiyokatika kwa saa nzima, na mpira wa tyubu unapokazwa ili begi lisihame, sponji linakuwa limekwisha kubanwa na halina tena nafasi ya kukunjika. Ukilegeza mpira, kamera inarukaruka. Mtu anachagua kati ya mabaya mawili, huku skrubu ndogo za lenzi zikiendelea kulegea.

Mtetemo wenyewe si jambo la kudharau. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wenye simu zake wasizifunge kwenye pikipiki zenye injini kubwa, kwa sababu mtetemo mkali unaweza kudhoofisha mifumo ya kamera inayotuliza picha na kutafuta fokasi. Baiskeli haina injini, na sidai kwamba madhara yake ni sawa na ya pikipiki. Lakini kamera nyingi za siku hizi nazo zina vipande vinavyocheza ndani ili kutuliza picha, na onyo lile linatukumbusha kwamba kifaa kinaweza kuumia bila kuanguka hata mara moja. Asiyeamini ajaze maji ya sabuni nusu chupa mbili, moja aifunge kwenye keria na nyingine aivae kiunoni, apite njia ya mawe, kisha alinganishe mapovu.

Hata hivyo, adui mkubwa wa kamera katika pwani hii ni chumvi na unyevu, na hapo begi nene linazidisha tatizo. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ikitua kwenye kitambaa hunyonya unyevu wa hewa, hivyo begi halikauki sawasawa hata likianikwa. Sponji lililo wazi kama la godoro hunywa maji na jasho, likakaa nayo ndani kwenye giza na joto, na hiyo ndiyo hali inayootesha kuvu kwenye vioo vya lenzi. Kuvu akishaota anaweza kula ile ngozi nyembamba ya juu ya kioo, na alama yake haifutiki kwa kitambaa. Ukiteremka Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, unaongezeka mchanga laini unaorushwa na tairi la nyuma. Na begi la keria limekaa juu ya tairi hilo hilo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la kuanguka: mwendeshaji akianguka na kitu kigumu mgongoni, ataumiza uti wa mgongo. Hili ni kweli, na kwa sababu hiyo sipendekezi begi la kubeba mgongoni lenye kamera katikati. Mkanda upite begani kimshazari, kamera ilale ubavuni kwa nyuma kidogo, na mkanda wa pili ushike kiunoni ili begi lisizunguke mbele na kugonga usukani. Wanaodhani keria inaiokoa kamera wakumbuke kwamba baiskeli huangukia ubavu, na chochote kinachoning'inia pembeni mwa keria ndicho kinachotangulia chini. Jasho nalo lina dawa: kamera iingie kwanza kwenye mfuko usiopitisha maji, ndipo iingie kwenye begi. Kuhusu wizi, begi la kawaida lililobana kwapani halimvutii mwizi kama sanduku jeusi linalotangaza kilichomo, na mwenye nalo halipi kisogo safari nzima. Uzito ndio hoja ninayoikubali. Mwenye lenzi ndefu za ndege hawezi kubeba kilo nyingi begani hadi Msimbati. Basi keria ibebe stendi, maji na nguo. Kamera moja na lenzi moja vibaki mwilini. Kwa kazi nyingi za huku, iwe harusi ya Mikindani au wavuvi wanaotia nanga Shangani, hivyo vinatosha.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa keria hawaizungumzi. Bill Cunningham wa gazeti la New York Times, aliyefariki mwaka 2016, alizunguka Manhattan kwa baiskeli kwa miongo mingi, kamera ikiwa shingoni. Kwenye barabara zetu shingo si mahali pazuri, lakini jambo la msingi alilielewa: picha ya mtaani haimsubiri mtu afungue mafundo ya mpira. Jahazi likishapita, limepita.

Begi la namna hii halihitaji kuagizwa ng'ambo. Fundi cherehani anayeshona turubai anaweza kulitengeneza, mradi mteja ajue la kumwambia. Zipu iwe ya plastiki, kwa kuwa ya chuma italiwa na chumvi. Mfuniko ushuke vizuri juu ya mdomo wa begi. Sponji liwe jembamba, la aina ya malapa ambayo hainywi maji, na liweze kutolewa likaoshwa kwa maji baridi na kukaushwa kivulini. Kabla hujatoa fedha kwa begi nene la dukani, nenda kwa fundi na kamera yako mkononi, apime, ashone, kisha ulivae begi hilo ukiwa juu ya baiskeli na ulijaribu kwenye njia mbovu kabla hujamlipa.