Chini ya mwembe si mahali pa ukoka

Ukoka unataka jua, lakini bado watu wanaupanda chini ya mwembe, wanaumwagilia kwa bidii, kisha unanyong'onyea na kuacha udongo mtupu. Hapo mwenye nyumba hushika ufagio wa chelewa kila asubuhi, au huita fundi aje kutandaza vitofali. Njia zote mbili zinauonea mti. Matone yanayodondoka kutoka majanini mara nyingi ni makubwa kuliko ya mvua yenyewe. Yakiupiga udongo uliofagiliwa, uso wake hushikana, maji hayazami tena, yanateremka na rutuba na kuiacha mizizi nje. Hapo panafaa mimea iliyozoea kuishi chini ya miti, na misitu yetu inayo.

Wageni waliliona hilo mapema. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alipeleka kwao dughulushi, ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata lilipewa jina la kisayansi huko Hannover, na sasa limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Impashensi inayopamba bustani za kivuli duniani nayo ni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1882 wataalamu waliipa jina kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Sisi, badala yake, tunanunua mmea wa zambarau unaotambaa, wenye asili ya Meksiko. Sisemi kila mmea mgeni ni mbaya, maana hata mwembe ulitoka Asia. Ila si kila mmea unaopendeza bustanini hutulia humo: baadhi ya miti na vichaka vilivyopandwa katika bustani ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902, vimeingia hadi ndani ya msitu wa Usambara.

Hofu kubwa ya watu ni nyoka, na si ya kupuuzwa. Lakini nyoka hufuata panya na maficho, yaani marundo ya matofali na takataka, kuliko majani mafupi yanayopunguzwa. Acha ukanda uliofagiliwa kuzunguka nyumba, panda kuanzia hapo hadi shinani. Wanaohofia mbu wakumbuke kwamba mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo makopo na matairi ndiyo ya kuondolewa. Wanaosema dughulushi haliwezi joto kali na ukavu wana haki. Hilo linafaa zaidi penye ubaridi kama Lushoto, na kwenye mawe yenye unyevu. Pwani afadhali klorofitamu, yenye majani membamba na vichipukizi vinavyoning'inia, maana mizizi yake minene huhifadhi maji.

Hoja ya mwisho ni kwamba biashara ya mimea hii ya msituni itamaliza msitu. Itaumaliza tukiruhusu kung'oa. Jani moja la dughulushi na kikonyo chake, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, hutoa miche kadhaa. Wenye vitalu, zalisheni hivyo. Nawe mnunuzi, uliza mche umetoka wapi kabla ya kulipa.