Unga wa Kisenyi nao uongezwe virutubisho

Kila mchana katika vibanda vya chakula vya Kisenyi, Kampala, sahani ni ileile: posho, maharage na kikombe cha chai. Mlo huo unashibisha, lakini kushiba si kulishwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Uganda wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano walikuwa na upungufu wa damu.

Sababu mojawapo iko kwenye mashine za kusaga za hapohapo Kisenyi. Unga mweupe wa namba moja hukobolewa hadi kiini na ganda vikatoka. Sehemu kubwa ya madini na vitamini huishia kwenye pumba za kuku.

Serikali ililiona hilo. Kanuni za mwaka 2011 zililazimisha virutubisho viongezwe kwenye mafuta ya kula, unga wa ngano na unga wa mahindi. Lakini kwa mahindi, sheria inavibana viwanda vyenye uwezo wa kusaga tani 20 au zaidi kwa siku. Mashine ndogo, anakonunua mtu wa kipato cha chini, ziko nje.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha pamoja cha unga ulioongezwa virutubisho, lakini kiwango bila mashine ya kuchanganyia ni karatasi tu. Mwaka 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, zuio lililegezwa kwa masharti ndani ya siku chache. Upungufu wa damu hauzuii malori Busia, ndiyo maana hauna wa kuukimbilia.

Nchi wanachama ziondoe ushuru kwenye mchanganyiko wa virutubisho na mashine zake, kisha zivikopeshe vyama vya wasagaji wadogo. Shule zianze kununua unga huo.

Wakati huohuo, soko la Kampala lina tiba ya bei nafuu: dodo, nakati, mukene, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyompa Mganda Robert Mwanga na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Na chai isubiri saa moja baada ya mlo, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Mama wa Kisenyi anaweza kuiahirisha chai. Kuurekebisha unga ni kazi ya mawaziri.